Dhima ya Kuomba Tena

Katika mambo ambayo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamebishana juu yake tangu zama za kale, pasiwe na upande mmoja ulioweza kuunyamazisha mwingine, mojawapo ni hili: kama mauti yamo katika dhati ya mwili, yamefumwa pamoja nao tangu siku ulipoanza kuumbwa, au ni tukio linaloufikia mwili kutoka nje kwa njia ya maradhi, jeraha, njaa na baridi, hata kwamba lau yangeweza kuzuiwa hayo yote mwili ungedumu pasi na kikomo. Ibn Sina, aliyekuwa tabibu na mwanafalsafa kwa pamoja, alishika upande wa kwanza. Katika kitabu chake kikuu cha utabibu alieleza kwamba mwili una joto lake la asili na rutuba yake ya asili, na kwamba joto huila rutuba kidogo kidogo mpaka ikaisha, na hapo ndipo yanapotokea mauti ya kimaumbile ambayo hakuna tabibu awezaye kuyazuia, kazi yake ikiwa ni kumhifadhi mtu asifikwe nayo kabla ya wakati wake. Waliokuwa na rai nyingine hawakuwa wajinga, wala hoja zao hazikuwa dhaifu. Lakini mzozo huu, ambao mtu angedhani kwamba mahali pake ni darasani na vitabuni, katika karne ya 20 ulihamia maabara, na huko ukapata sehemu ya jawabu lake ndani ya vyombo vidogo vya kioo ambamo wataalamu walikuwa wakizilea chembe hai za mwili, yaani seli, zilizotengwa na mwili uliozizaa.

Aliyeufufua mzozo huo alikuwa Alexis Carrel, mpasuaji Mfaransa wa Lyon, mtu ambaye fani nzima ya upasuaji ina deni kwake, kwa kuwa ndiye aliyefundisha namna ya kuunga mishipa ya damu iliyokatika. Kabla yake mshipa mkubwa ukikatika aghalabu ulifungwa tu, na kiungo kilichotegemea damu yake kikaachiwa majaliwa. Yeye, ambaye husimuliwa kwamba alijifunza kazi ya sindano nyembamba na uzi wa hariri kwa mama mmoja mtarizi wa mji ule, alitia mishono mitatu katika mdomo wa mshipa, akaivuta hata duara likawa pembetatu, kisha akashona kila upande kwa mstari ulionyooka bila ya kuibana njia ya damu. Kwa ustadi huo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka huo huo, tarehe 17 Januari, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alitwaa kipande cha moyo wa kifaranga ambacho bado hakijaanguliwa, akakiweka katika chombo, akakilisha maji yaliyokamuliwa katika vijusi vya kuku, na seli zake zikaanza kuzaana. Zikaendelea kuzaana chini ya mikono ya wasaidizi wake hata mwaka 1946, ambapo Carrel mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki miaka miwili nyuma. Kuku haishi umri huo. Basi ikathibiti, kwa kadiri watu walivyoona, kwamba seli kwa dhati yake haifi, na kwamba mauti ni hasara inayozipata seli kwa sababu ya kuishi pamoja katika mwili.

Itikadi hiyo ilitawala vitabu vya elimu ya viumbe kwa miaka isiyopungua arubaini, ijapokuwa hapakuwa na maabara nyingine iliyoweza kuirudia kazi ile ikafaulu. Kila aliyejaribu, seli zake zikachoka na kusimama, alijilaumu mwenyewe: labda chombo hakikusafishwa vema, labda chakula kilikuwa na taksiri. Hivi leo wengi huona kwamba yale maji ya vijusi aliyokuwa akizilisha Carrel yalichukua ndani yake seli mpya zilizo hai, hata ukoo uliodhaniwa kuwa mmoja ukawa unaongezewa wageni kila mara. Kama hilo lilijulikana na yeyote katika maabara yake, sitaki kuhukumu. Nionalo mimi ni kwamba mtu aliyetamani sana kuyashinda mauti, naye ndiye aliyetetea katika maandishi yake fikira za kuchagua wanadamu bora na kuwaondoa walio duni, hakuwa mtu wa kujiuliza mara mbili pale alipoletewa habari aliyoipenda.

Waliouvunja uwongo huo walikuwa Leonard Hayflick na Paul Moorhead, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, mwaka 1961. Walizilea seli za nyuzi zilizotoka katika mapafu ya vijusi vya binadamu, nazo baada ya kuongezeka maradufu takriban mara 50 zilisimama. Hayflick, kwa kuwa alijua kwamba ataambiwa chakula chake kibovu, alifanya jaribio ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa hoja safi kabisa zilizopata kutolewa na mtu wa maabara: alichanganya katika chombo kimoja seli za kiume zilizokwisha kuongezeka mara 40 na seli za kike zilizoongezeka mara 10 tu, zote zikila chakula kimoja na kukaa katika joto moja, na baada ya muda Moorhead, aliyekuwa mjuzi wa kusoma kromosomu, alipotazama chomboni hakuona ila za kike. Kama ubovu ungekuwa wa chakula, zingesimama zote. Seli zilizoganda kwa baridi kali, zikakaa miaka, zilipoyeyushwa ziliendelea kuhesabu pale pale zilipokuwa zimekoma, kana kwamba hesabu imeandikwa ndani yake. Na kweli imeandikwa, kwani baadaye ilijulikana kwamba ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hupungua kila seli inapojigawa, na waliofunua namna telomea zinavyozilinda kromosomu, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Makala ya Hayflick na Moorhead yalipopelekwa mara ya kwanza kwa jarida mashuhuri yalikataliwa. Kitu kilichokuwa kinakanushwa kilikuwa kitamu mno.

Na hapa ifahamike kwamba seli iliyofikia kikomo chake haifi papo hapo. Husimama kuzaa tu. Hubaki hai kwa muda mrefu, inakula, inatoa taka zake, mwili wake umepanuka na kuwa bapa, lakini haijigawi tena. Ibn Sina angelitambua jambo hilo bila ya kufasiriwa.

Sasa, baada ya kuthibiti kwamba mauti yamo ndani, lilizuka swali ambalo naliona ni zito kuliko la kwanza, nalo halikuulizwa na wanafalsafa bali lililetwa na mahitaji ya watafiti wa mishipa na mapafu. Mtafiti anayetaka kujua kwa nini ateri ya mwenye shinikizo la damu hukakamaa, au kwa nini mishipa ya mapafu hunenepa mpaka moyo ukashindwa kuisukumia damu, au namna virusi vinavyojipenyeza katika vifuko vya hewa, hana budi kupata seli za mahali penyewe. Anazo njia mbili. Anaweza kutumia seli zisizokufa, ambazo aghalabu zimetoka katika saratani au zimetiwa kitu cha kuziondolea kikomo. Hizi ni rahisi, hazina madeko, hukua kwa chochote, na kichupa kimoja kikifika maabara huwatosha watafiti wake na wajukuu zao. Ama anaweza kutumia seli za asili, yaani zilizotoka moja kwa moja katika mwili wa mtu na ambazo hazikubadilishwa, nazo ni ghali, zina nazaa, hutaka chakula maalumu, na baada ya kuhamishwa chombo hata chombo mara tano au sita mtafiti mwangalifu huzitupa, kwa kuwa zimekwisha kuanza kusahau zilikuwa nini.

Napenda nikae kidogo juu ya namna seli hizo za asili zinavyopatikana, maana jambo likitajwa kwa jumla hupoteza uso wake. Seli za utando wa ndani wa mishipa zinazotumika kuliko zote duniani hutoka katika kiungamwana, ule mrija unaomfunga mtoto na kondo la nyuma, nao hutupwa baada ya uzazi. Mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake mjini New York walieleza njia ambayo kwa asili yake ingali ikitumika. Kiungamwana, chenye urefu wa nusu mita hivi, kina ateri mbili na vena moja. Vena hiyo huoshwa kwa maji ya chumvi mpaka damu yote itoke, kisha hujazwa kimeng'enya kinachoyeyusha gundi inayozishika seli ukutani, hubanwa ncha zote mbili, huwekwa katika joto la mwili kwa dakika chache, na mtaalamu hukikanda kwa vidole taratibu kabla ya kuyamimina yaliyomo. Kinachotoka ni maji yenye uchafu kidogo, ambayo mtu asiyejua angeyamwaga. Lakini yakitiwa chomboni, siku chache baadaye chini ya darubini huonekana sakafu nzima imetandikwa seli bapa, kila moja imebanana na jirani yake ubavu kwa ubavu, tabaka moja tu, wala hakuna inayompanda mwenziwe. Hivyo ndivyo zinavyokaa katika mishipa yetu yote, kutoka moyo hadi ncha ya kidole.

Na vena hii ina habari yake. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji, hayavuti pumzi. Anayempumulia ni kondo la nyuma, na damu iliyokwisha kupata hewa humjia kwa njia ya vena ya kiungamwana. Kwa hiyo kazi ambayo mishipa ya mapafu itaifanya maisha yake yote, kwa miezi tisa hufanywa na mshipa huu. Anapolia mara ya kwanza, maji humtoka mapafuni, hewa ikaingia, mishipa ya kiungamwana ikajibana, na kipande cha vena kilichobaki ndani ya mwili wake hugeuka kuwa kamba tu kwenye ini. Ni kiungo kilichoumbwa kiishe. Seli zake, kwa hiyo, zinapokwenda maabara zimekwisha kumaliza wajibu wake kwa mwenyewe, jambo ambalo halisemeki juu ya seli za mapafu, kwani hizo aghalabu hutoka kwa maiti ambaye jamaa zake walikubali kuvitoa viungo vyake na mapafu yakaonekana hayafai kupandikizwa, au pembezoni mwa uvimbe uliokatwa na mpasuaji, au katika mapafu mabovu yanayotolewa mgonjwa anapopewa mengine.

Tamaa ya kuepukana na taabu hii yote imewaponza watu wenye akili. Mwaka 1990 ilitangazwa kutoka Japani kwamba seli za kiungamwana cha mtoto mmoja zimejigeuza zenyewe zikawa hazina kikomo, nazo zikapewa jina ECV304. Furaha ilikuwa kubwa. Maabara za mabara mbalimbali ziliziagiza, makala mengi yakaandikwa juu ya tabia za mishipa ya damu kwa kuzitazama hizo, mpaka ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990, ndipo waliolinganisha chapa za urithi walipobaini kwamba hazikuwa seli za mshipa hata kidogo. Zilikuwa seli za saratani ya kibofu cha mkojo, zilizojulikana zamani kwa jina T24, ambazo bila shaka ziliingia chomboni kwa uzembe na kuzila zilizokuwemo. Miaka kumi watu walikiuliza kibofu chenye saratani habari za mishipa ya damu, nacho kiliwajibu, wakayaandika majibu yake. Naona kisa hiki kingestahili kusomeshwa pamoja na kile cha Carrel, kwa sababu kosa ni moja: palipoonekana seli isiyokufa, furaha ilitangulia na shaka ikaja nyuma.

Mfano wa pili tunao karibu, nao unahusu dawa ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa uchungu wake mdomoni na mwasho wake mwilini. Mwaka 2020 klorokwini na nduguye haidroksiklorokwini zilisifiwa kuwa ni tiba ya UVIKO, na sehemu ya ushahidi ilikuwa kwamba zilivizuia virusi katika seli za ukoo uitwao Vero, zilizotoka katika figo la tumbili mwaka 1962 na ambazo hazina kikomo. Seli hizo zilisema kweli, lakini kweli ya figo la tumbili. Virusi vinapoingia katika seli ya Vero hupita njia ya ndani ambako dawa ile huweza kuvikamata. Vinapoingia katika seli za mapafu hupata mlango mwingine, wa kimeng'enya kilichoko juu ya ngozi ya seli, ambacho Vero haina cha kutosha. Walipojaribu katika tabaka la seli za asili za njia ya hewa ya binadamu, dawa haikufanya kitu. Wagonjwa wangapi walikwisha kuimeza kabla ya jawabu hilo kusikiwa, kila mtu aliyeishi mwaka ule anaweza kukisia.

Basi tunafika mahali ambapo sayansi yenyewe, pasipo kuambiwa na kasisi wala shehe, imekiri jambo ambalo dini zimelisema kwa lugha nyingine: kwamba shahidi aliye mkweli juu ya mwanadamu ni yule anayeshirikiana naye katika ukomo wake. Seli iliyoondolewa mauti haikubaki vile vile ikaongezewa umri. Imegeuka kitu kingine. Zile za Henrietta Lacks, mama wa Kimarekani mweusi aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi mwezi Oktoba 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, zimekwisha kuzaana kwa zaidi ya miaka sabini, nazo zina kromosomu zipatazo 70 na kitu hata 80, ilhali binadamu ana 46. Zimesaidia mno, sikatai. Chanjo ya polio ilipimwa kwa msaada wake. Lakini hazimsimulii Henrietta.

Na kisa chake ndicho kinachonifikisha kwenye neno ambalo ndilo muradi wangu. Watu wamezoea kuulaumu udhalimu uliofanyika kwake, kwamba hakuombwa, na kwamba jamaa zake hawakujua ila baada ya miaka ishirini hivi. Nao ulaumiwe, na ni haki kwamba mwaka 2023 warithi wake walifikia suluhu na kampuni mojawapo iliyofaidika. Lililonishughulisha mimi ni kwamba udhalimu ule uliweza kudumu kwa sababu seli zile hazikufa. Aliyekwisha kuzichukua mara moja hakuwa na haja tena na mwenyewe, wala na mumewe, wala na watoto wake. Hakulazimika kurudi mlangoni kwao kubisha hodi. Seli ya asili haimpi mtafiti uhuru huo. Inapokwisha, naye anajua itakwisha baada ya wiki chache, hana budi kurudi wodi ya wazazi kuomba kiungamwana kingine, kwa mama mwingine, ambaye ana ulimi na anaweza kusema hapana. Ukomo wa seli ndio unaomrudisha msomi kwa watu. Nami nasadiki kwamba elimu inayolazimika kuomba tena na tena hukaa karibu na adabu kuliko elimu iliyopewa mara moja ikajitosheleza.

Najua kwamba hoja hii ina mwiba, tena si mdogo. Seli za Hayflick nazo zina kikomo, na bado hazikumfundisha mtu kuomba. Ukoo aliouita WI-38 aliuanzisha mwaka 1962 kwa mapafu ya kijusi cha kike kilichotolewa kwa hiari huko Sweden, yakasafirishwa katika barafu hadi Philadelphia, na mama yake hakuulizwa. Akagandisha vichupa zaidi ya 800, na kila kichupa kikawa ni mwanzo wa mamilioni. Waingereza walifanya mfano wake mwaka 1966, wakauita MRC-5. Katika seli za namna hii ndimo vinamokuzwa virusi dhaifu vya rubela kwa ajili ya chanjo, hata hii ya surua na rubela wanayodungwa watoto wetu wa Tanzania na Kenya, na kwa sababu yake kuna watoto wasio na hesabu waliozaliwa wakiona na kusikia. Kanisa Katoliki lililitazama jambo hili kwa utulivu mwaka 2005, tena mwaka 2008, tena Desemba 2020, likasema kwamba mzazi anayempeleka mtoto wake kuchanjwa pale ambapo hapana chanjo nyingine hashiriki kosa la asili, kwa kuwa yuko mbali nalo, ila wenye madaraka wana wajibu wa kutafuta njia isiyo na doa. Hukumu hiyo naiona ya insafu. Lakini mwiba wenyewe uko hapa: kwa kuwa WI-38 na MRC-5 zina ukomo, akiba yake hupungua, na zikipungua hutafutwa nyingine, na kweli nchini China, mwaka 2015, ulitangazwa ukoo mpya wa mapafu ya kijusi uitwao Walvax-2. Mtu akiniambia, ‘Afadhali ile seli isiyokufa, ambayo haimrejeshi mtu kwenye mimba nyingine,’ nitamjibu nini?

Nimeipima hoja yake, wala sikuiona ya kutupwa. Jawabu nililo nalo ni kwamba kurudi peke yake si fadhila. Fadhila ni kurudi kwa mtu awezaye kukataa. Kijusi hakiombwi kitu, kwa hiyo kukirudia ni kuchukua tena, si kuomba tena, na pale ukomo wa seli hauleti adabu yoyote ila huzidisha hesabu. Kiungamwana cha mtoto aliyezaliwa salama, au pafu la mtu aliyekubali alipokuwa hai, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mbele yake yupo mwenye hiari. Kwa hiyo tofauti ninayoitafuta haiko baina ya seli ifayo na isiyokufa, kama nilivyodhihirisha mwanzo kwa haraka ya kalamu. Iko baina ya ukomo unaokutana na hiari na ukomo unaokutana na ukimya.

Hapo lazima tuulize hiyo hiari ni ya nani na juu ya kitu gani. Watu wa mwambao wetu, na wa bara vilevile, wamezoea kuzika zalio na kitovu cha mtoto, na mtu akitaka kueleza kwao ni wapi husema ni pale kilipozikwa kitovu chake. Wanafikihi wengi wamependekeza hata nywele na kucha zifukiwe, si kwa kuwa zina roho, bali kwa heshima ya mwili uliozitoa. Mafunzo haya hayasemi kwamba kiungamwana ni mali ya mama auze atakavyo; yanasema kwamba mwili ni amana, na amana ina masharti hata katika vipande vyake. Mahakama ya Juu ya California mwaka 1990, katika kesi ya John Moore aliyeondolewa bandama na seli zake zikageuzwa ukoo wenye hati ya uvumbuzi, ilifika karibu na hapo kwa njia yake yenyewe: ilikataa kwamba Moore ana milki juu ya seli zile, lakini ikahukumu kwamba tabibu alipaswa kumweleza faida aliyokuwa akiitazamia. Wengi waliikasirikia hukumu hiyo. Mimi nusu yake naikubali, ila nusu nyingine naiona ina upogo, kwa maana kama mwenye mwili hana haki ya kuuza kwa sababu mwili si bidhaa, kampuni nayo imeipata wapi haki hiyo? Kichupa kimoja chenye seli nusu milioni za utando wa mshipa huuzwa kwa mamia ya dola, na mama aliyezaa aliambiwa, kama aliambiwa chochote, kwamba kile kilikuwa taka ya hospitali. Wauzaji hujibu kwamba wanachouza ni kazi yao: kuosha, kupima maradhi, kugandisha, kusafirisha. Jibu hilo lina ukweli wake, nami nitalipokea siku watakapoandika hivyo katika hati yao ya bei, na kumwambia mama hivyo hivyo.

Tena kuna suala la saa. Katika hospitali nyingi za dunia karatasi ya idhini huletwa mzazi akiwa amekwisha kulazwa, uchungu umemkaza, mkunga anamhimiza, naye yuko tayari kutia sahihi chochote ili watu wale waondoke mbele yake. Wanasharia wetu wa zamani walijua kwamba mkataba uliofungwa chini ya ikrahi haufungi, na sioni kwa nini maumivu ya uzazi yahesabiwe kuwa ni faragha ya kutafakari. Idhini hii mahali pake ni kliniki ya wajawazito, katika mwezi wa sita au wa saba, mama akiwa amekaa kitini na mumewe au mamake au shoga yake kando, akaelezwa kwa Kiswahili, au kwa lugha yake iwayo yote, kwamba ule mrija utaoshwa, seli zake zitalelewa wiki chache, zitatazamwa namna zinavyopokea dawa au shinikizo la damu, kisha zitakwisha na kuteketezwa. Na kama zitagandishwa, au zitauzwa, au zitaondolewa kikomo chake kwa kutiwa kimeng'enya cha telomea kama ilivyoanza kufanyika tangu mwaka 1998, hilo nalo aelezwe peke yake na kuulizwa peke yake, kwa kuwa aliyekubali kutoa kitu chenye mwisho hakukubali kwa hilo kutoa kitu kisicho na mwisho.

Wapo watakaokataa. Mmoja atasema kwamba mama mkwe wake anangoja zalio lote, na kiungamwana chake, vizikwe chini ya mnazi wa nyuma ya nyumba, na hataki kwenda kumweleza habari za vyombo vya kioo. Mkunga atavifunga katika kitambaa na kumkabidhi jamaa aliyekuja kupokea, na yule kijana wa maabara aliyekuja na chombo chake cha barafu ataondoka bila kitu. Kesho yake atarudi, maana katika wodi ya wazazi hakuna siku isiyozaliwa mtoto.